Palmares, Siku ya Mvua ya Kwanza

Kengele yetu ni kipande cha reli
kinachoning'inia kwa waya kwenye jakaranda la uani.
Mimi ndiye ninayekigonga,
kwa bolti niliyotoka nayo kwenye karakana ya treni
siku mishahara iliposimama, na treni nazo.

Mwezi wa tisa wote Lubumbashi ilinuka moshi wa majani.
Jua likakaa juu ya mabati kama mtu anayedai.
Halafu mti ukachanua, haukuuliza mtu:
zambarau chini, zambarau kwenye kiti cha pikipiki ya prefe,
zambarau ndani ya ndoo ya kufutia ubao.
Jumamosi, siku ya salongo, darasa la nne wakafagia.
Walipogeuka, uwanja umejaa tena.
"Baba Kyungu, huu mti hauna adabu," akasema Mujinga,
ufagio begani.
Nikamwambia: fagia tu. Mimi nagonga reli kila asubuhi
na kila asubuhi mnachelewa.

Sherehe ya zawadi ilikuwa iwe mwezi wa saba,
lakini kamusi zilikwama Kasumbalesa, mpakani.
Watu wa forodha walizisoma, nadhani, neno kwa neno.
Zikatufikia Oktoba, mbili zikiwa na madoa ya chai.

Basi prefe akasimama na karatasi yake.
Kabedi, hesabu, themanini na mbili kwa mia.
Mama yake anauza makala kule Katuba;
alileta poda ndani ya mfuko wa sukari
akammwagia mtoto kichwani mpaka akapiga chafya,
vidole vyeusi, kichwa cheupe, ukumbi mzima ukicheka.
Mwape, aliyeunda redio kwa mizoga ya simu.
Inashika stesheni moja tu, ya Zambia, na inasema Kibemba.
Tumeikubali hivyo hivyo.
Wasichana wa mpira wa mikono, waliofungwa fainali kwa goli moja:
prefe akawaita mabingwa wa pili,
nao wakaangaliana, wakashindwa kujizuia.

Hapo ndipo wingu likavuka mlima mweusi wa Gécamines.

Tone moja kwenye bati. Tukanyamaza.
La pili.
Kisha hapakuwa na la tatu, palikuwa na mvua.

Prefe akaendelea kusoma. Tuliona mdomo.
Akapaza sauti, tukaona mishipa ya shingo.
Karatasi akaiweka chini,
akainama, akashika goti lake,
akaupandisha mkono taratibu, kiunoni, kifuani,
mpaka juu ya kichwa, akanyoosha kidole kuelekea paa.
Aliyepanda zaidi.

Hakuna aliyesikia jina.
Vichwa vyote vikageukia benchi la mwisho, karibu na mlango,
alikokaa Ngoie Mwilambwe,
wa arobaini na tatu kati ya arobaini na tatu, mwaka juzi,
yule aliyerudia darasa pamoja na mdogo wake
na magoti yake hayakuingia chini ya deski.
Mwaka mzima alikaa upande, kama abiria.
Nilikuwa nikimkuta saa kumi na mbili kasoro,
kabla sijagonga, amechuchumaa chini ya taa ya lango,
daftari juu ya tofali.
Hatukuzungumza sana. Alinisalimu, nikamsalimu.

Akajigusa kifua: mimi?
Prefe akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, wewe,
na mama yake Kabedi, ambaye hamjui,
akamalizia mfuko wote kichwani pake.
Mvua ilikuwa ikimpata pale mlangoni;
poda ikawa uji, ikamshuka usoni,
akasimama na kamusi yenye doa la chai
ameifunika kwa shati.

Ilikuwa saa tano na robo.
Hakuna ratiba ya shule yenye kengele saa tano na robo.
Nilitoka uani, nikachukua bolti,
nikagonga, nikagonga,
ingawa kwa mvua ile nani angesikia.
Mti ukatikisika. Maua mabichi yakaniangukia
kichwani, mabegani,
nikayaacha.