Kinywa cha Perege

Mwaka wa kwanza nilizoea kumkuta pembeni,
penye maji ya uvuguvugu,
mashavu yamevimba kama ya mtoto aliyeiba sukari:
perege jike. Hali, hafunui mdomo,
siku kumi na kitu amefunga
kwa sababu mle kinywani
wamelala watoto.

Na dume chini, mchimbaji asiye na jembe,
akikumba tope kwa midomo mpaka likakaa duara.
Nilipopunguza maji nilihesabu viota arobaini,
nikamwita Subilaga: njoo uone,
wametandaza sahani.

Bwawa langu liko bondeni, ng'ambo ya Kiwira.
Mvua yetu haikopi kwa mtu.
Maji huteremka kutoka sokoni,
yakipita kwenye vitalu vya nyanya vilivyoezekwa nailoni
iliyochoka jua, inayomeguka ukiigusa,
yakipita kwenye korongo la chupa na mirija,
ndipo yanifikie, meupe, yanameremeta,
huwezi kuyashitaki kwa macho.

Na mimi je? Nailoni nyeusi ya kutandika bwawa
nilinunua kwa mkopo wa kikoba.
Pipa la bluu la chakula chao
nilipewa bei ya kutupa, linanuka dawa,
nikalisuuza mara mbili nikasema, basi.

Mwaka huu sakafu ya bwawa ni laini
kama kichwa kilichotoka kunyolewa.
Hakuna kiota.
Madume wanaelea tu, wageni waliosahau walichofuata.

Bwana samaki, Ambakisye, alikuja na buti zake,
akampasua mmoja juu ya jani la mgomba.
"Dume hili," alisema. Kisha akavaa miwani.
Akakata kipande, akakitia kichupani
(kichupa cha plastiki, nilikiona),
kikapanda basi kwenda Mbeya.

Majibu yalichukua miezi miwili.
Chini ya hadubini, katikati ya mbegu za kiume,
punje za mayai.

Akanieleza hivi: ndani ya plastiki kuna kitu
kinachobisha hodi kwa sauti ya mama mwenye nyumba.
Mwili unaitika, "Karibu," unafungua,
unaanza kupokea amri jikoni mwake.
Huenda, alisema. Alisema huenda mara tatu,
nami nikampenda kwa hilo.

Kilabuni wakacheka:
Mama Subilaga, madume wako wanataka khanga!
Sikucheka. Chai yangu ilikuwa mezani,
ya moto, ndani ya mfuko wa nailoni, imepigwa fundo,
nami nimeinyonya hivyo miaka yote
niliyombeba Subilaga, na wale wawili
wasiofika.

Nimeing'oa nailoni. Udongo wa chini yake mweupe, umelala.
Maji yanavuja, naacha yavuje.
Pipa nimelipindua; kuku wanalikwepa.

Jana usiku nilishuka na tochi.
Mmoja alikuwa pembeni,
mashavu yamevimba.

Nilizima taa.
Sijui amebeba nini.