Hati ya Eliphalet

Mume wangu alirudi vitani na vidole vinane
na karatasi moja.
Vidole viwili alivisahau kwenye barafu, alisema,
kama mtu aliyesahau kofia kilabuni.
Karatasi akaiweka ndani ya Biblia, penye Ayubu,
akaniambia: Mehitable, nchi imeahidi.

Nchi ipi? nikamwuliza.
Maana zilikuwa kumi na tatu,
kila moja na ushuru wake, na noti zake, na kiburi chake.
Siagi yangu ikivuka mpaka
hutozwa kama imetoka Uturuki.
Na lile baraza la wote, lisilo hata na makao,
likihamahama mji kwa mji kama mnoa visu,
liliandika barua: tafadhali, leteni fedha.
Majimbo yakajibu kwa adabu kubwa.
Hayakuleta kitu.
Tulikuwa tumemfukuza mfalme, tukaogopa kuzaa mwingine,
tukaunda serikali isiyo na mfuko wala fimbo.
Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli;
lakini sisi tulikuwa navyo kumi na vitatu
na kiganja hatuna.

Eliphalet akafa Februari, kwa kikohozi, si kwa risasi.
Ardhi ilikuwa jiwe. Akalala ghalani hadi Aprili,
kando ya ng'ombe.
Sherifu akaja kabla ya jembe kuingia udongoni,
akidai kodi, tena kwa fedha ya kulia mezani.
Nikamwonyesha hati: dola sitini na nne,
sahihi, muhuri.
Akaisoma amesimama.
Akanirudishia.
Akamfungua ng'ombe.

Shemeji yangu Zadok akachomeka kitawi cha msonobari kofiani
akaenda na wenziwe kufunga mahakama.
Mizinga ikawajibu kwenye theluji.
Alirudi usiku na buti moja,
akakaa motoni, asiseme nani alimwacha njiani.

Waliotetemeka zaidi ni matajiri wa Bostoni.
Kiangazi kilichofuata waungwana walikusanyika Filadelfia,
wakafunga madirisha katika joto lile
hata nzi asitoke na neno.
Tuliambiwa wamekwenda kutia kiraka.
Wakatoka na joho jipya:
rais, mabaraza mawili, majaji,
na mkono mrefu wa kufika mfukoni mwa kila mtu.

Zadok alitusomea gazeti mtoni, tukifua.
Alipofika pale mtumwa anapohesabiwa
sehemu tatu kwa tano,
Dinah, aliyekuwa mali ya mchungaji wetu zamani,
na ambaye dada yake bado yuko Karolina,
akauliza: na zile mbili, anakaa nazo nani?
Zadok akakunja gazeti.
Tukaendelea kukamua shuka, yeye upande ule, mimi huu.

Mji wetu ulisema hapana.
Zadok alinyosha mkono juu kuliko wote.
Mimi sikuulizwa.
Ikapita Bostoni hata hivyo, kwa kura chache.

Majira hayo chumvi iliniishia.
Akapita bwana mmoja, Josiah Pell, mpole, glavu za ngozi ya kondoo,
akinunua karatasi kuukuu za askari,
shilingi mbili kwa kila ishirini.
Nikafungua Ayubu.
Alizihesabu sarafu mkononi mwangu polepole,
kama anayenihurumia.

Serikali mpya ikaanza kulipa.
Si nusu. Yote, na riba juu.
Ilitimiza ahadi, siwezi kusema haikutimiza,
ilimtimizia aliyeshika karatasi.
Bwana Pell ana nyumba sasa, na kioo katika kila dirisha.

Sitaki mnisikie nikililia ya kale.
Nyumba ya udongo haihimili kishindo,
na ile yetu ilikuwa ya udongo mbichi.
Siagi yangu inavuka mpaka, hakuna anayeinusa.
Lakini Biblia nikiishika jioni
hujifungua yenyewe palepale,
penye alama ya mstatili
ambapo nchi ililala miaka mitano
ikingoja mwenyewe.