Skrubu ya Ngala

Ngala, ulipodondoka paani, ghala la chumvi Gongoni,
fundo la mguu likapasuka pande mbili,
daktari alikuonyesha skrubu,
fupi kama njiti ya kiberiti iliyokatwa nusu.
Hii haitolewi, akasema. Itayeyuka humo humo.
Ukacheka: "Kama peremende?"
Kama peremende.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini mimi dada yako nashinda na darubini
chumba cha nyuma, hospitali ya Malindi,
na nawajua wanaofuatana na mgeni.
Wanatoka puani, ngozini, ngozini mwako mwenyewe.
Nikiwatia rangi wanageuka zambarau,
wameshikana kichala, zambarau tupu.

Kwanza hugusa tu,
kama mtu anayepima joto la chai kwa mdomo.
Pakiwa laini huteleza, wakaenda zao.
Pakiwa na mkwaruzo, hukaa.
Wakikaa hutoa ute, ute ukawa ukoga,
ule ule unaoukwangua menoni asubuhi,
na dawa ikija hubisha hodi, hodi,
nyumba imejaa watu, hapana anayeitika.

Sasa skrubu inayoyeyuka hujichimba vishimo.
Wema wake ndio mlango wake.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
mwalimu Thoya alituandikisha mara ishirini,
nikakosea "ukuta" mara mbili.
Hakutuambia wapo wanaoutafuta ufa
wapate kujenga ukuta wao.

Seli za mfupa wako nazo zimetoka mbio.
Atakayetangulia ndiye mwenye nyumba.
Na chuma chenyewe kikiliwa hutoa vipovu,
na ukali kama wa magadi,
ambao wadudu hawaupendi.
Hawaupendi kidogo. Sitakudanganya.

Jumanne wameniletea majimaji ya kidonda chako,
kichupa kimeandikwa "Ngara".
Nimesahihisha kwa kalamu, nikapanda sahanini.
Leo Jumatano nimefungua: wekundu wa damu ya kondoo,
hakuna doa.
Nimefunga. Sahani ya siku moja haijasema kitu.

Jioni nimekuletea uji wodini.
Umeuliza, imeshayeyuka kiasi gani?
Nimekwambia, kunywa, unapoa.