Punje ya Mia Mbili na Nne

Wizara imelipia punje mia tatu,
kila moja ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
na Zdeňka amezibandika usiku kucha
chini ya mabehewa ya klorini, stesheni ya mizigo, Ostrava,
vidole vimekufa ganzi.

Punje hazioni. Zinanusa tu,
kisha zinanong'onezana:
hii yaiambia ile, ile yaiambia ya tatu,
mpaka umbeya unafika kwenye kioo mapajani mwake,
na kioo kinasema kijani.
Kijani.
Kijani.

Oldřich, mlinzi wa reli miaka thelathini na mmoja,
amemletea chai ya chupa.
"Zamani mtambo ulikuwa huu," anasema, akigusa pua.
Pua hiyo haijanusa kitu tangu ile valvu ipasuke:
si kahawa, si nywele za mkewe.

Saa tisa kasoro, ya mia mbili na nne inapiga yowe.
Nyekundu!
Zdeňka anakimbia, barakoa imekaa upande,
ripoti ya wizara inamkimbiza kwa nyuma,
na kumbe ni Božena, mfagiaji,
anamwaga jiki chooni huku akipiga mluzi.

*Kengele ya bure*, anaanza kuandika.
Oldřich anafika akihema. Anaiinamia ile punje,
anavua kofia.
"Hatua arobaini," anasema, "na imejua."
Kimya.
"Mimi nimetoka humo sasa hivi.
Hata salamu nimempa."