Kibao cha Mia Tano

Wiki tatu, nimefuta kibao mara saba.
Chaki imeniganda kwenye kucha.
KUCHAJI SIMU: 200,
na dada yangu Nzigire alipokea simu themanini,
akazibandika plasta zenye namba,
nyaya zikining'inia ukutani kama maharagwe ya kutambaa.

Jioni tukahesabu franka: elfu kumi na sita.
"Pandisha," akasema. Nikapandisha.
Kila nilipoongeza mia, simu kumi hazikurudi.
Hazikulalamika. Ziliteremka tu
ngazi za Cimpunda, mifukoni mwa wenyewe, zimezimika.

Kwa mia nane walikuja ishirini:
wenye haraka, wenye wapenzi, wabadili dola.
Nikahesabu mara mbili, nikidhani nimekosea.
Elfu kumi na sita. Zilezile.
Kama mtu aliyepanda mlima wa Kadutu kwa huku,
akateremka kwa kule,
akajikuta kimo kilekile,
ila viatu vimelika.

Ndipo nikafungua daftari la mwaka wa tano,
mwaka ambao minervali iliisha kabla ya mitihani.
Mwalimu Mushagalusa alikuwa akichora tao
kwa pumzi moja, bila kuinua chaki.

Mia moja, toa sehemu ya kumi ya bei: hao ndio watu.
Wazidishe kwa bei: hayo ndiyo mapato.
Bei sifuri hujaza benchi na kuacha mkebe mtupu.
Bei elfu, mkebe mtupu, benchi tupu.
Kati ya utupu na utupu,
katikati kabisa,
kipeo: mia tano.
Simu hamsini. Elfu ishirini na tano.

Nzigire alicheka hadi akashika mlango.

Lakini mlinganyo haujui majina.
Namba kumi na tisa alikuwa Bisimwa, mbeba mizigo,
simu yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli;
binti yake yuko Kamituga, hupiga kila Alhamisi.
Namba sitini na mbili, yule mama wa bilinganya.
Jina sikuwahi kumuuliza.
Leo ni Alhamisi.

Saa sita jua linasimama juu ya bati.
Paneli tatu zinakunywa, betri zimeshiba,
na nyaya thelathini zinaning'inia
bila kitu mdomoni.
Jua hili hatukulinunua, wala kesho halitakuwepo.
Natafuta herufi yake kwenye mlinganyo.
Siioni.

"Usifute," anasema Nzigire,
ameona jicho langu lilipo.
"Mwenye nyumba haulizi nani alikosa simu."

Sifuti.
Nageuza ukurasa, nachora tao jingine,
dogo, linaloanza mchana,
na chini yake naandika:
kuanzia saa nane, bei ni

Kuna mtu anapanda ngazi,
taratibu,
kwa pumzi ya mwenye mzigo.