Ngazi Mia na Kumi na Moja

Kutoka mlangoni kwangu, Kadutu, hadi barabarani
ni ngazi mia na kumi na moja, za udongo na mawe
na matairi mawili aliyoyafukia Mushagalusha
mvua ilipokula ya sitini na ya sitini na moja.
Nilikuwa nazipanda na redio mbili begani
nikipiga mbinja.

Kisha moyo ukaanza kushika stesheni mbili kwa pamoja.

Ndivyo nilivyomweleza daktari kule Kigali.
Akacheka, akaniuliza kazi yangu.
Fundi wa redio, nikasema, Nyawera, karibu na soko.
Akasema: basi utanielewa.
Kuna waya unaopiga shoti. Tutapitia pajani
mpaka moyoni, tuuchome.

Nimechoma nyaya miaka thelathini na moja
kwa lehemu na ncha ya moto,
hakuna redio iliyowahi kuniambia
kama inauma.
Haiumi sana. Kinachochosha ni kulala chali saa sita,
mguu umenyooshwa kama ubao,
na muuguzi anakukataza hata kukohoa.

Nilivuka Ruzizi na plasta kwenye kinena
na karatasi: wiki mbili usibebe kitu,
kisha tembea, kisha panda, kukimbia tutaona.
Kwa miezi mitatu, iliandikwa, moyo unaweza bado kuropoka.
Usiogope kila neno lake.

Usiogope! Nabintu aliisoma mara nne
kisha akaificha bidoni ya lita ishirini nyuma ya mlango
kama mtu anayeficha pombe.
Mama mkwe akauliza kama wamenirudishia moyo uleule.

Siku ya kumi na tano: ngazi tisa. Nikakaa.
Siku ya kumi na sita: tisa tena,
kwa woga, si kwa uchovu,
vidole viwili shingoni kama mtu anayejikaba mwenyewe.
Ansima, mtoto wa jirani, akapanda na bidoni,
akanipita, akashuka, akanipita tena.
"Papa Redio, bado uko hapa?"
Bado niko hapa.
Nililitafuna jibu hilo hadi ngazi ya thelathini.

Wiki ya tano, juu ya matairi, uliropoka.
Pigo moja likaruka, lililofuata likaanguka
kama gunia linalotupwa toka kwenye lori.
Nikashika ukuta wa Mushagalusha.
Ziwa kule chini lilikuwa na shughuli zake.
Nikangoja.
Fundi haigongi redio kila ikikwaruza,
huiacha, huisikiliza,
mara nyingi ni mvua tu huko Idjwi.

Ilikuwa mvua tu.

Kuna jambo sijamwambia Nabintu:
nilikuwa nimeuzoea mkwaruzo.
Miaka miwili ndio ulionilaza usingizi.
Sasa usiku kifua kimenyamaza, na kimya hicho hunikurupusha,
kama jenereta ya jirani inapozimika ghafla
na nyumba nzima inainua kichwa.

Jana alinituma mkate na uniti.
Nilikuwa nimesimama kwa muuza uniti, barabarani,
nikitafuta mia tano mfukoni,
ndipo nikagundua sikuhesabu.
Si ngazi, si mapigo.
Njia nzima nilikuwa nikiiwaza redio ya mzee Cishugi,
kwa nini inakamata Bujumbura asubuhi tu.

Nikanunua mkate. Nikashuka.
Nikauweka dirishani ungali wa moto,
nikageuka nipande tena, safari hii kwa hesabu.

"Unaenda wapi?"
"Nimesahau kitu."

Begani, redio moja.
Ile ndogo.