Kitufe cha Sauti

Kazi yangu ni kusema juu ya wenzangu.
Wao wana Kikorea chao, Kihindi chao;
mimi nashusha sauti yao, napandisha yangu,
na Chikongola yote inaelewa nani kamsaliti nani.
Mia tatu mlangoni, watoto mia mbili.
Benchi la nyuma, chini ya feni mbovu, ni la Mchopa.

Alhamisi ile tulitarajia ngumi.
Shaweji alinunua diski kwa kuona jalada lina moto,
akadhani moto ni vita, na vita ni ngumi.
Kumbe ni filamu ya mambo ya kweli:
wanaume wa miwani nyeusi
wamepanga viti jangwani, wanasubiri bomu
kama sisi tunavyomsubiri bwana harusi.

Nikashusha sauti nianze kutafsiri.
Sikuwa na cha kutafsiri. Hakuna aliyesema kitu.
Wingu likainuka, jeupe, likajikunja, likapanuka,
na mtoto mmoja wa mbele akapiga kelele:
"Salfa!"
Banda zima likaanguka kwa kicheko.
Na kweli lilikuwa salfa tupu,
Juni, bomba mgongoni, mikorosho ya Nanguruwe
ikizama kwenye unga hadi mpuliziaji mwenyewe haonekani.
"Hiyo mikorosho itazaa," mama mmoja akasema,
"itazaa magunia!"

Nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani.
Nikakizungusha kitufe hadi mwisho.

Ndipo walipoingia.
Sina jina la kila chombo. Nalijua zeze, nalijua tarumbeta,
lakini haya yalikuwa mazeze sitini, sabini,
yakivutwa na mkono mmoja,
na chini yake kitu kinene kikitembea
kama lori la saruji usiku wa manane,
lile unalolisikia kwanza kwa nyayo.
Shaweji akarudisha nyuma. Wingu lilelile.
Ila sasa halikuwa salfa.
Sasa lilikuwa zuri, Mungu anisamehe,
zuri kama kitu kinachokuja kukuhukumu
na jina lako kinalijua.
Karanga zikakoma midomoni.
Mama wa magunia akajifunika kanga hadi puani.
Nikaiweka maikrofoni chini.
Miaka tisa nasema juu ya wenzangu,
sijawahi kusemewa juu hivyo.

"Zima hiyo."
Hakupaza. Mchopa hapazi;
sikio lake la kulia limekufa
na anachelea sauti yake isije ikamzidi.
"Zima mazeze. Acha picha."

Kila mtu hapa anajua mkono wa Mchopa uliko:
chini ya maji, upande wa Naumbu.
Chupa ya baruti, utambi mfupi,
alihesabu, akafika nne.
Hatuulizi. Anafunga vifungo vya shati
kwa meno na vidole vitano vya kushoto.

Nikazima.
Wingu likapanda tena, bubu.
Hakuna aliyecheka.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa.
Maji yalisimama mbele yangu, meupe, marefu,
nikawaona samaki wanageuza matumbo juu,
na hapakuwa na sauti. Hata yangu.
Wangenipigia mazeze ningejua ni jambo kubwa.
Mimi nilidhani nimeangusha kitu,
nikainama kukitafuta."

Zilibaki dakika arobaini za filamu.
Shaweji ananikonyeza: watu wamelipa.
Mtoto wa salfa kageuka, macho kwangu, si kwenye kioo:
"Kaka, weka ule muziki.
Bila muziki naogopa."

Jangwani walikuwa wanapanga viti tena.
Nikafungua kidogo tu, kiasi cha mbu,
na Mchopa akakaa upande,
akakipa kioo sikio lililokufa.